Msiba Usio na Maiti

Siku niliyoliliwa naikumbuka kwa viti. Vilikuwa kumi na vinane. Nilivihesabu jioni iliyotangulia, nikavihesabu tena asubuhi, kwa sababu viti vya kuazima vina tabia ya kutembea. Vilipangwa safu mbili mbele ya nyumba ya shangazi yangu, kule nyuma ya Kakuyuni, na wageni walipofika kutoka mjini nikawahesabu na wao: kumi na saba. Kiti cha kumi na nane kilikuwa changu. Nilikaa hapo, mwanangu, nikiwa na shati jeupe na afya njema, nikawasikiliza kina mama kumi na mmoja wakiimba kwamba nimekufa.

Usicheke upesi. Mimi nilicheka, na ndiyo maana leo naandika.

Kwa nini nalifukua jambo ambalo ukoo mzima ulikubaliana kulinyamazia? Kwa sababu mjukuu wangu Kadzo na wenzake sita wameanzisha kazi ya kupokea wageni katika ardhi yetu ileile. Hawana bwana mjini. Wanawatembeza wageni wenyewe, wanaeleza wenyewe, wanapika wenyewe. Nafurahi mpaka najitafutia sababu za kupita njia ile niwaone. Lakini juma lililopita Kadzo alinijia, akaniamkia vizuri kuliko kawaida, akanimiminia chai yenye sukari kuliko daktari anavyoruhusu, nikajua kuna mzigo nyuma yake.

"Babu," akasema, "kuna wageni wameomba kuona kifudu. Tumekaa tukasema, madhali ni sisi wenyewe tunaoongoza, ubaya uko wapi?"

Chai ilinipalia. Maneno yale niliyatamka mimi, hayohayo, kabla mama yake hajazaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Muyeye, riziki yangu naitafuta ufukweni upande wa Shella kwa kuwatembeza wageni. Kiitaliano nilikiokota mchangani, kama wengine wanavyookota makombe. Nilikuwa mtu wa kupatana bei. Nikiuza napatana, nikinunua napatana, na nikikosa mtu nashindana na kivuli changu, nacho mara nyingi kilinishinda. Nilijiona mjanja. Lakini mjanja, mwanangu, ni mtu ambaye hajakutana bado na siku yake.

Ngoma zetu wakati huo zilichezwa hotelini. Nilipata kuona dume zima, limefuga ndevu, limevalishwa hando, ile sketi ya marinda ya mama zetu, linatikisa kiuno kando ya bwawa la kuogelea. Wageni wakapiga makofi. Mwenye hoteli akatabasamu. Na sisi wenye ngoma tulikuwa nje ya ua, tunaisikia ikitoka upande wa pili wa ukuta.

Nikasema hapana, hili haliwezekani. Ardhi tunayo, wazee tunao, maneno tunayo. Wageni waje kwetu, na wa kuwaongoza tuwe sisi. Nikaanza. Niliwapeleka kwa shangazi yangu Jumwa, wakapita kwenye mihogo na mikanju ya korosho, wakakalia mbuzi wakakuna nazi mpaka wakakuna na vidole, wakafundishwa kusuka makuti, wakaonja mnazi, ile pombe ya kugema, na kukunja nyuso. Shangazi alisimulia hadithi, mimi nikatafsiri. Palipokosekana neno nikatia chumvi. Wazo lile lilikuwa zuri, na hata leo silijutii. Wazee walilipenda. Kwa mara ya kwanza mgeni alitoka kwetu akijua jina la mtu aliyempikia.

Laiti ningetosheka hapo. Lakini wenzangu wa ufukweni waliona, wakaiga, na mwezi haukuisha kila mmoja akawa na shangazi wa kukunia nazi. Wakaja wageni walioniambia wazi kwamba ngoma za hotelini wamezichoka, nazi wameshazikuna, wanataka kitu cha kweli, kisichofanywa kwa ajili ya mgeni yeyote. Nikaahidi kabla sijafikiri. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikitaka cha mvunguni, nikawainamisha wengine.

Kifudu, kwa usiyekijua, ni ngoma ya msiba ya kina mama wetu. Hakipigwi harusini, hakipigwi sikukuu. Mtu akifa, kina mama wanaokijua hukusanyika, vyungu vyao, ambavyo ndivyo ala ya ngoma hiyo, vikatolewa ndani, wakamwimba aliyekufa kwa jina lake na jina la baba yake, ili hata walio ng'ambo ya bonde wajue ni nani amewatoka. Kiongozi wao upande wetu alikuwa huyohuyo shangazi Jumwa, dada wa marehemu baba yangu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupasua bonde.

Nilimkuta anachagua kunde.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mikono mitupu na mdomo umejaa. Haya, tema."

Nikatema. Aliponisikiliza mpaka mwisho akauliza jambo moja tu: "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Ni kwa ajili ya wageni."

"Kumbe wageni ndio wamekufa?"

"Shangazi, usinifanyie mzaha. Ni kuwaonyesha tu."

"Kuwaonyesha nini? Kifudu kina mtu ndani yake, Karisa, kama kaburi lilivyo na mtu ndani yake. Sisi hatuimbi hewa. Tunamtaja mtu."

Basi nikaanza kupatana, mwanangu, kama niliyekwenda kununua samaki. Nikamwambia wamtaje babu, aliyefariki zamani. Akasema babu alishaliliwa akamalizwa. Tukimwamsha tutamwambia nini, kwamba wageni wamefika? Nikamwambia watunge jina ambalo si la mtu. Akasema hakuna jina lisilo na mwenyewe. Utakalolitunga hapa litaitika mahali. Nikamkumbusha kwamba mvua zimekataa mara mbili, ghala la kina mama wenzake linaonekana sakafu, na mimi nimekuja na ahadi ya unga. Hapo akaacha kuchagua kunde. Nilijua pa kubonyeza. Ndilo jambo ninaloliona aibu kuliko yote: nilijua pa kubonyeza kwa sababu nilikuwa wa nyumbani.

Nikamaliza biashara. "Basi nitajeni mimi. Karisa wa Charo. Mwenye jina yuko mbele yenu, ameridhia, hakuna wa kulalamika."

Alizitua kunde chini. "Rudia."

"Nitajeni mimi."

"Jina lako si lako peke yako. Liko kwa aliyekuzaa. Mama yako anajua?"

Mama yangu alikuwa ng'ambo ya bonde, kwa kaka zake, akimuuguza mama yake mzazi. Nilikuwa sijamwona juma zima. Nilikusudia kumwambia, wallahi nilikusudia. Ila nilimjua: angekataa, na neno la mama halina mahali pa kulipunguzia.

"Anajua," nikasema. "Nimemwambia, akacheka."

Shangazi akaziokota tena kunde zake. "Basi kama mama yako amecheka," akasema, "sisi ni nani tulie?" Akakubali.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye kiti cha kumi na nane.

Kina mama walitoka wamejifunga leso kiunoni, vyungu mbele yao. Shangazi akafungua wimbo. Nakwambia, sikutarajia. Nilidhani wataigiza. Lakini mtu aliyeimba kifudu tangu ujana hana cha kuigiza. Koo linaijua njia, na machozi yana njia yake. Lilipotajwa jina langu mara ya kwanza nywele zilinisimama. Nikacheka ili wageni wasione. Nikamnong'onezea mama mmoja wa Kiitaliano aliyekaa kando yangu, mjane wa makamo, nikimwambia kwa fahari: huyo wanayemlilia ni mimi. Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua, na mimi nikadhani ni Kiitaliano changu.

Sasa, hili sikulihesabu hata mara moja, sembuse mbili. Juu ya mnazi, umbali wa mitupo mitatu ya jiwe hivi kutoka pale, alikuwa mgema Ngumbao akishughulikia mnazi wake. Makuti yalimziba, hakuona viti. Hakuona wageni. Alisikia vyungu, akasikia sauti ya Jumwa, akasikia jina. Na kifudu hakiulizwi, mwanangu. Kikilia, mtu amekufa. Alishuka, akaviacha kisu na kibuyu huko huko juu, akashika njia ya bonde mbio kumpasha habari aliyenizaa.

Kifudu ni kirefu; mama alifika wimbo ukiwa bado moto. Nilimsikia kabla sijamwona. Kwetu mfiwa haingii kimya. Huanza kulia tangu kwenye mpaka wa uwanja. Kilio kile kilipotokea upande wa mihogo, wageni waligeuka, wakadhani ndiyo sehemu iliyofuata. Mmoja akasimama juu ya kiti apate picha nzuri. Kamera zikaanza: chwa, chwa, chwa. Mama akatokea kichwa wazi, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, mikono imeshikilia kichwa, anaita, "Karisa wangu wee! Karisa mwanangu, mbona hukunisubiri?" Na nyuma ya safu ya pili, mtu akapiga makofi.

Makofi yale nayasikia hadi leo.

Sikuweza kuinuka. Alipita mbele yangu, karibu hivi, leso yake ikanigusa goti, na hakuniona. Mtu anayekuja kumwona maiti hatazami walio hai. Akaingia moja kwa moja ndani ya nyumba, kwenye chumba ambamo maiti angelazwa. Kina mama wakanyamaza mmoja mmoja. Chungu cha shangazi kilimtoka mikononi kikapasuka, na ndipo nilipojua kwamba ameelewa.

Mama akatoka. Hakuwa analia tena. "Yuko wapi?" akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia ndoo. "Jumwa, wifi yangu, mmemweka wapi? Mmemzika kabla sijamwona uso?"

Hapo nikasimama. "Mama. Mimi hapa."

Akageuka, akanitazama. Nilitarajia anikumbatie; nilitarajia anizabe kofi, na kofi lingekuwa neema. Hakufanya lolote katika hayo. Alinitazama toka unyayo hadi utosi, akamgeukia shangazi na kumuuliza polepole:

"Huyu ni nani?"

Halafu akaanguka.

Yule mjane wa Kiitaliano ndiye aliyewahi kumfikia. Alikuwa ameshaitia kamera yake mkobani tangu zamani. Akapiga magoti mchangani, akampakata mama kichwa, na akawapigia kelele wenzake wa kamera kwa maneno ambayo mafunzo yangu ya ufukweni hayakuwa nayo. Wageni wakatawanyika. Sikuwahesabu walivyopanda gari.

Shangazi alinisogelea. Nilifikiri atapiga kelele; alizungumza chini chini.

"Uliniambia amecheka."

Nikainama kuokota vipande vya chungu chake.

"Mwizi wa mbali huiba anachokiona. Wewe umeiba tulichokuwa hatukufichi, kwa kuwa ulikuwa mwana wa nyumba. Wale wa hotelini wanacheza uwongo, na wanajua ni uwongo. Wewe umetuchezesha kweli. Sasa kweli imetoka, irudishe ndani kama wewe ni fundi wa kupatana."

Mama aliamka jioni ileile, akala uji, akafagia. Tukapumua, tukasema yamekwisha. Kulipopakuliwa chakula, tulikuwa watu sita: mama, shangazi, ndugu zangu watatu waliokuja mbio kumwona, na mimi. Mama akapanga sahani. Nikahesabu: tano. Nikahesabu tena: tano. Nikasema ni usahaulifu. Kesho yake, tano. Kesho kutwa, tano. Hakuwa amekasirika, mwanangu, ndilo lililotutisha. Hasira tungeiombea radhi. Alikuwa amekwisha kunitoa katika hesabu, bila uchungu, kama mtu aliyeshalia akamaliza. Nikimsemesha, anatazama mlangoni kuona nani anakuja. Kaka yangu mdogo akawa ananikatia nusu ya sahani yake, nami, bingwa wa Muyeye, nikala ugali wa mtoto nikigeuzia ukuta uso.

Siku ya nne shangazi akanipa njia. Kina mama waliolia, na kila aliyesikia kilio, nimfuate mmoja mmoja alipo, nimwambie niko hai, na anishike mkono kwa hiari yake. Nisimlazimishe wala nisipatane naye bei. Wa mwisho awe mama.

Kina mama kumi na mmoja walinishika, wengine kwa kunifinya. Majirani walinishika. Akabaki Ngumbao. Nilimkuta juu ya mnazi uleule.

"Ngumbao, shuka unishike mkono! Niko hai!"

"Nani?"

"Karisa!"

"Karisa nimemsikia akililiwa kwa kifudu," akajibu toka juu. "Nilikimbia mimi na goti hili bovu kumwambia mamake. Wewe sikujui."

"Shuka basi unione!"

"Panda wewe. Wafu hawapandi minazi. Ukifika, nitajua."

Mimi nilikuwa kijana wa mjini. Mnazi niliujua kwenye glasi. Nilipanda hivyo hivyo. Niliteleza mara mbili, gamba likanichuna kifua na tumbo na kulichana lile shati jeupe. Nilipofika karibu na makuti, nahema kama mbwa, Ngumbao akanyoosha mkono akanishika kiganja. Hakucheka. Kumbe naye alikuwa akilia. "Wallahi, kijana," akasema, "nilipomwambia, alinishukuru. Mamako alinishukuru kwa kumletea habari. Hilo nitalipeleka wapi?"

Nikarudi nyumbani nimechubuka, damu imegandamana na shati. Mama alikuwa anapanga sahani. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza yakatua juu yangu. Akaja. Akagusa kifua changu kwa kidole, akakitazama kidole chekundu, akakipangusa, akagusa tena, kama mtu anayehakikisha jambo mara mbili. Kwake ndiko nilikorithi tabia hiyo.

"Wafu hawatoki damu," akasema. "Kaa chini. Utakula."

Akaenda kuleta sahani ya sita.

Usidhani yaliishia hapo. Mama aliishi miaka mingi baadaye, na mpaka alipofariki sikuwahi kuingia kwake akaitikia shikamoo yangu kabla hajanishika mkono kwanza. Kila mara. Na zile picha zipo, mwanangu. Mama yangu akinililia, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, yumo katika majumba ambayo mimi, mtu wa kuhesabu kila kitu, siwezi kuyahesabu. Hapo zamani ziliondoka kwa ndege, mwezi ukapita kabla hazijaoshwa. Leo simu zingezifikisha huko hata kabla mama hajamaliza kuanguka.

Basi Kadzo, na wewe usomaye, jibu langu ni hili. Ni vyema sana kuongoza wenyewe. Endeleeni. Mgeni aione ardhi yetu kupitia macho yetu, ale chakula chetu, asikie hadithi kwa mwenye hadithi. Lakini kuongoza wenyewe si ruhusa. Ni mzigo zaidi, kwa kuwa mgeni hajui palipo na moto, na sisi tunajua. Kila jambo la kwetu liulize kwanza: wewe kazi yako nini? Kukuna nazi kazi yake ni tui. Mgeni akikuna, tui linapatikana. Kifudu kazi yake ni kumsindikiza mtu. Ukikiita bila mtu, hakitakaa bure, kitatafuta kazi.

Mgeni akiomba lisilowezekana, mwambieni hapana, na mwambieni sababu. Sijapata kuona mgeni aliyeondoka kwa kuambiwa hapana kwa heshima. Wengi hapo ndipo wanapoanza kutuamini. Simu ziwekwe chini mpaka mwenye uso aseme ndiyo. Na msimwombe ruhusa mtu ambaye ghala lake ni tupu, kwa maana ndiyo ya mwenye njaa si ndiyo. Mkubaliwe na aliyeshiba. Mkubaliwe na wazee wote, si yule mmoja anayewapenda. Na kama jambo lina jina la mtu ndani yake, msiishie kwa mwenye jina. Vukeni bonde mkamwulize aliyemzaa, kwa miguu yenu, wala msimjibie.

Mulungu awape wageni wema na ndimi za kusema hapana. Awape mama zenu maisha marefu na macho ya kuwaona kila mkirudi. Na yeyote atakayekulilia wewe, mwanangu, akulilie mara moja tu, siku ambayo umezeeka ukachoka, na akija akukute ulipolazwa.